Funda la Chofi

Mzee wa Kitaita wa zamani aliposhika kibuyu cha chofi, yaani pombe ya miwa, ili auombee mji wake, funda la kwanza halikuteremka kooni. Lilikaa kinywani, likapulizwa nje kwa manyunyu, naye akanena neno la heri. Akapiga funda jingine, akapuliza, akanena tena: mvua inyeshe, mifugo izae, mtoto apone, msafiri arudi. Kitendo hicho ndicho kutasa, na uzito wake unajitokeza katika lugha yenyewe, kwa kuwa dini ya asili ya Wataita iliitwa Wutasi, jina lililozaliwa na kitenzi hicho hicho. Zipo dini zilizochukua jina la mwalimu, na nyingine jina la kitabu au la nchi. Hii ya milima ya Dabida, Sagalla na Kasigau ilichukua jina la kupuliza kinywaji. Hoja yangu ni kwamba hapa tuna utamaduni kamili wa kuonja, wenye kanuni na wenye hukumu, ila aliyehukumiwa ndani yake ni mwonjaji, na kinywaji kilikuwa shahidi tu. Asiyelijua hilo atausoma mwaka baada ya mwaka wa historia ya pombe katika Taita Taveta, nchini Kenya, na asione kitu ila walevi na waliokataza ulevi.

Ushahidi mzito zaidi tunao kutoka kwa Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamoja na mumewe Alfred, na ambaye kitabu chake kuhusu dini ya Wataita kilitoka mwaka 1978. Alichokiona ni kwamba kiini cha Wutasi kilikuwa hasira. Hasira iliyofichwa moyoni, iwe ya baba, ya shangazi, ya marehemu ambaye fuvu lake liko pangoni na wenzake wa ukoo, iliaminiwa kuwa na nguvu ya kuleta maradhi, utasa na hasara, hata kama mwenye hasira hakukusudia. Basi mtu akiugua, mpiga ramli alitafuta moyo wa nani umechafuka, na mwenye moyo huo alitakiwa atase. Kutasa kwake kulikuwa tamko mbele ya watu kwamba kilichokuwa ndani kimetoka. Hapo ndipo kupuliza kunapopata maana yake: anachokitoa mtu kinywani kinaandamana na anachokitoa moyoni, na akipuliza huku moyo umefunga, amewadanganya walio hai na wafu pia. Kwa hiyo waliosimama kando walimtazama yeye, wakaisikiliza sauti yake, wakapima kama maneno yametoka pamoja na manyunyu au yamebaki nyuma.

Waonjaji wa mvinyo nao hutema. Wanatema ili kichwa kibaki kizima baada ya glasi ya thelathini, na wanadai kuwa wanachokipima ni kilichomo kwenye glasi peke yake. Lakini historia yao wenyewe inawaumbua. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaita Wafaransa wenye majina makubwa katika fani hiyo waonje bila kuona chupa, na kila mvinyo wakaupa alama kati ya 20. Mvinyo kutoka California ukashika nafasi ya kwanza, mweupe na mwekundu, juu ya ule wa Ufaransa. Inasimuliwa kuwa jaji mmoja, Odette Kahn, alitaka arudishiwe karatasi yake ya alama. Kwa nini karatasi, kama kilichopimwa ni mvinyo? Kwa sababu alijua kuwa karatasi ile inamsema yeye. Siku ile Paris iligundua kwa aibu jambo ambalo wazee wa Dabida walilianzia: funda likiingia kinywani mbele ya mashahidi, mwenye kinywa yuko kizimbani.

Msomaji anaweza kusema kwamba nimechanganya chuya na mchele. Mwenye mvinyo ana stoo yake nyumbani, ana chupa za mwaka huu na za miaka kumi iliyopita, anazilinganisha. Mtaita alikuwa na chungu kimoja ambacho kikikaa siku chache kinageuka siki. Pingamizi hili ni la haki, na linastahili jibu refu, kwa sababu jibu lenyewe ndilo sehemu ya historia hii inayosahauliwa. Tazama jinsi pombe ya miwa inavyopatikana. Muwa humenywa, hukatwakatwa, hupondwa kinuni hadi uwe nyuzinyuzi, kisha hukamuliwa kwa mikono mpaka makapi yakauke. Utomvu huo mtamu, wenye rangi ya maji ya mto baada ya mvua, huwekwa mahali pa joto. Sukari ya muwa haihitaji kimea kama nafaka. Hamira ya hewani na ya chombo huianza kazi mara moja. Wakikuyu na Wakamba hutia humo tunda lililokaushwa la mwegea, ambalo ndani ya nyuzi zake hubakiza hamira ya pombe iliyopita, nao hulihifadhi na kulitumia tena na tena. Baada ya siku moja au mbili kinywaji ni tayari, na tangu saa hiyo saa yake inahesabiwa. Asubuhi bado kina utamu, jioni kimekolea, kesho kina uchachu unaokuna ulimi, na siku zinazofuata ni siki. Anayesema kuwa hapo hapana cha kulinganisha hajawahi kuwasikiliza wanywaji wa mnazi wa pwani wakibishania tembo la asubuhi na la jioni.

Kilichokosekana ni chupa. Ghala lilikuwapo, lakini lilikuwa wima, mabondeni. Muwa uliokomaa unaweza kusimama shambani miezi kadhaa na sukari yake ndani. Ukishakatwa ndipo unapoanza kuipoteza. Shina likikatwa huchipua tena, likatoa mavuno mengine bila kupandwa upya. Kwenye milima ya Taita, ambako kwa vizazi watu walichimba mifereji na kugawana zamu za maji kwa makubaliano ya majirani, miwa ilikaa kwenye ardhi yenye unyevu chini ya mabonde, mahali pa thamani kuliko pote. Mwenye kipande hicho alikuwa na pombe ya mwezi ujao na ya mwaka ujao, ila aliitunza ikiwa bado mmea. Aliamua lini aikate kwa kutazama mambo ya watu: mahari imefika, mgonjwa hana nafuu, mvua imechelewa, kuna ugomvi wa kusuluhisha. Mfaransa anaweka chupa ili muda uibadilishe ladha. Mtaita aliweka muwa ili ladha isianze kabla ya haja. Hizo ni akili mbili za kuweka akiba, na sioni kwa nini ya pili iitwe ukosefu wa akiba. Tena ilikuwa na busara ya mlo ndani yake, kwa maana pombe ya nafaka hula chakula cha watoto na chofi haikugusa nafaka. Katika nchi iliyoipitia njaa ya 1884, ile ambayo Wataita huikumbuka kwa jina la Mwakisenge, hilo si jambo dogo, ingawa ni kweli pia kwamba kila kipande cha miwa kilikuwa kipande kilichonyimwa zao jingine.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Harris mwenyewe anaeleza kuwa kutasa kulifanywa pia kwa maji matupu, au kwa maji ya miwa yasiyochachuka. Ikiwa maji yanatosha, kinywaji kina kazi gani? Nadhani jibu limo katika kutofautisha kinachoruhusiwa na kinachofaa. Maji yalimfaa mtu katika jambo dogo la kila siku, maana hasira haingoji muwa ukomae. Lakini jambo lilipokuwa la ukoo au la mji mzima, chofi ilihitaji mashamba, mikono ya kuponda, siku mbili za kungoja na watu wa kuinywa. Nayo ikachacha upesi, kwa hiyo haikukubali mkutano uahirishwe. Kinywaji kisichokaa kinawalazimisha watu wakutane wakiwa bado na jambo lao. Mvinyo wa chupa haumwiti mtu. Unaweza kumngoja mpaka afe na kuwaachia warithi mzozo.

Wala sitaki kuwapaka Wataita wa kale asali. Funda la kwanza lilipulizwa, lakini yaliyofuata yalinywewa, na wako waliokunywa mpaka wakaanzisha hasira mpya usiku ule ule waliotupa ya zamani. Wazee walijipatia nafasi ya mbele kwenye kibuyu, na vijana walikuwa na sababu ya kuona kuwa baraka ya mzee ina kiu ndani yake. Hayo yote ni kweli, na hayaivunji hoja. Mahakama haiachi kuwa mahakama kwa sababu mahakimu wake wanapenda chai.

Shida ni kwamba waliotuandikia historia hii mara nyingi waliona chungu na hawakuona funda. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Kasigau mwaka 1847, akiwa njiani kuelekea umaarufu wa kuiona theluji ya Kilimanjaro mwaka uliofuata. Joseph Wray wa CMS, misheni ya Kianglikana, akaanza kazi Sagalla mwaka 1883, na Wakatoliki wakajenga misheni Bura katika muongo uliofuata. Kwa misheni, kutasa kulikuwa ibada ya wafu na chofi ulevi, na mkristo mpya alitakiwa aviache vyote viwili kwa pamoja. Hili liliwapasua watu katika mahali palipouma hasa. Kijana aliyebatizwa alipokataa kupuliza, baba yake hakusikia kwamba mwanawe ameacha pombe. Alisikia kwamba mwanawe amekataa kutamka kuwa hana kinyongo naye. Serikali ya kikoloni ilikuja na hesabu nyingine. Reli kutoka Mombasa ilipita Voi kabla ya karne kwisha, mashamba ya katani yakafuata, na serikali ikataka vibarua walio macho saa kumi na mbili asubuhi. Sheria ya 1912 iliyowapa machifu mamlaka juu ya watu wao iliwaruhusu pia kuzuia utengenezaji wa pombe. Kuanzia hapo swali rasmi likawa ni lita ngapi, siku gani, kwa kibali cha nani. Ulimi haukuulizwa kitu, na moyo ndio kabisa.

Lugha ya sheria haijabadilika sana. Mwaka 1980 Kenya ilipiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo ikaifuta marufuku hiyo, ikaweka leseni, saa za kufungua na vipimo vya chupa. Nyumba zenye kabati la mvinyo zipo leo mjini Voi, na mwenye kabati anaweza kualika marafiki wazungushe glasi na kutafuta harufu ya matunda ambayo huenda hajawahi kuyala. Hakuna ubaya. Neno mvinyo lenyewe tulipewa na Wareno, nasi tumelizoea kiasi cha kusahau, na zabibu za Dodoma zinatosha kutuambia kuwa kinywaji hiki si mgeni tena Afrika Mashariki. Ninachokataa ni dhana kwamba kuonja kwa makini kulishuka kwenye treni pamoja na masanduku ya chupa, huku juu ya mlima watu wakinywa tu kama ng'ombe mtoni.

Na chofi yenyewe, ukitaka kujua ni nani aliyeipunguza, usiwape padri na chifu sifa yote. Katika Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na askari wa kulishwa Mombasa, na mabonde ya Wundanyi yenye maji ya mifereji yakaanza kupeleka mboga pwani. Soko hilo halikufungwa vita vilipokwisha. Kabeji hukomaa kwa miezi mitatu na kulipa ada ya shule. Muwa wa mlimani hutaka mwaka na nusu au zaidi, na malipo yake ni shangazi aliyetuliza moyo. Malori ya mboga bado yanashuka mlima alfajiri kuelekea Mwatate na Voi, yakipita kando ya mifereji ile ile.