Wari wa Kanisa: Habari za Jando la Kikristo katika Masasi

Katika habari za Dayosisi hii, za majengo zimeandikwa mara nyingi, na za maaskofu vilevile. Bali ipo habari moja ambayo wazee wetu waliizungumza kwa sauti ya chini, kwa kuwa yahusu kumbi, na mambo ya kumbini hayatangazwi barazani. Nayo ni habari ya vijana: jinsi walivyotoka katika utoto, ni nani aliyewashika mkono njiani, na Kanisa lilikuwa wapi siku ile. Nitaiandika kwa adabu, pasipo kufunua yasiyopasa kufunuliwa.

Mwezi wa Novemba 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi pamoja na watu wapata 55, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wameokolewa katika utumwa. Nia ilikuwa kuendelea mbele hata nchi za Nyasa, lakini walipoiona nchi ile ya majabali makubwa wakapenda kukaa papo hapo, na hivyo kikaanza kijiji cha Kikristo. Mambo yaliyowapata baadaye twayajua sote. Mwaka wa 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, walikiangamiza kijiji na kuchukua mateka. Mwaka wa 1905 vita vya Maji Maji viliiteketeza misheni kwa moto. Mara zote mbili watu walirudi wakajenga. Adui wa namna hiyo huonekana akija, na mtu hukimbia au husimama. Lakini katika miaka hiyohiyo Kanisa lilikuwa likipotewa na watoto wake kwa njia nyingine, isiyo na moshi wala kelele.

Kijiji cha Kikristo kilizungukwa na Wamakua, Wayao na Wamakonde. Kwao mvulana asiyeingia jandoni si mtu mzima, hata akiwa na ndevu. Hapewi neno katika shauri, wenzake humcheka, wala hapati mke kwa urahisi. Msichana asiyechezwa unyago vivyo hivyo. Naye akichukua mimba kabla ya unyago ni aibu na hofu kwa ukoo mzima. Wamisionari wa kwanza hawakuwa wote na neno moja katika jambo hili, lakini kwa jumla neno walilolisikia Wakristo lilikuwa katazo, kwa sababu ya ulevi, nyimbo za matusi, na matambiko ya wafu yaliyofanyika huko.

Katazo lile liliwaangukia vijana peke yao. Kwa makabila haya mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Basi baba alibatizwa, akaahidi mbele ya padre kwamba mwanawe hatakwenda. Kisha mjomba akaja wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, akamchukua mtoto. Kijana alirudi na jeraha lililopona na nguo mpya, mtu mzima machoni pa nchi nzima, na mkosaji machoni pa Kanisa. Akatengwa na meza ya Bwana, naye hajui alichokosa, maana alitii wakubwa wake. Wengine walitubu wakarudi. Wengine waliona ni vyepesi zaidi kutorudi. Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni yetu kupewa upadre, mwaka wa 1890, alikaa miaka mingi Chitangali kati ya Wayao, na shida hii ilikuwa mlangoni pake kila mwaka.

Baada ya Maji Maji shida ilizidi. Uislamu ulienea kwa haraka upande huu wa kusini, na Wayao wengi wakawa na jando lililosimamiwa na mwalimu wa Kiislamu. Wale hawakukataza tohara, bali waliipokea wakaitia katika dini yao. Kijana wa Kikristo aliyekwenda kwa siri katika kumbi la namna hii aliingia akiwa na jina moja, na pengine alitoka akiwa na jingine. Hapo ilionekana wazi kwamba kukataza tu, pasipo kumpa kijana kitu chochote mahali pa kile alichonyimwa, ni kumsukuma mlangoni kwa mkono wako mwenyewe.

Mwaka wa 1909 alifika Masasi padre kijana, jina lake Vincent Lucas, ambaye mwaka wa 1926, Dayosisi ya Masasi ilipotengwa na Dayosisi ya Zanzibar, aliwekwa kuwa Askofu wake wa kwanza. Fikira yake juu ya mila aliieleza kwa maandishi yaliyopigwa chapa Uingereza mwaka wa 1928, nayo kwa ufupi ni hii: Kristo hakuja kutangua bali kutimiza, na Mungu hakuwaacha baba zetu pasipo ushuhuda, kwa hiyo katika mila yamo mema ya kushikwa, yamo yasiyodhuru ya kuachwa yalivyo, na yamo maovu ya kuondolewa. Kazi ni kuyapambanua.

Tena yafaa niseme neno moja ambalo vitabu vya Wazungu hulipitia upesi. Kupambanua huko hakungeweza kufanywa na Mzungu. Lucas hakuwa amelala kumbini akiwa mtoto, wala hakuzisikia nyimbo zile za usiku. Waliojua ni mapadre na walimu Waafrika, watu kama Padre Kolumba Msigala, aliyetuachia kumbukumbu zake kwa maandishi, pamoja na wazee Wakristo waliokuwa manyakanga kabla ya kubatizwa. Hao ndio walioulizwa: wimbo huu maana yake nini? Mti huu kazi yake nini? Unga huu wapewa nani? Na wakati wa Vita Kuu ya 1914, Wajerumani walipowafunga Wamisionari Waingereza, kundi lote liliachwa mikononi mwa mapadre hao. Heshima ya jando la Kikristo ni ya Askofu, naam. Lakini nusu yake, na pengine zaidi ya nusu, ni yao.

Basi jando lenyewe lilikuwaje? Kumbi lilijengwa mbali na kijiji kama desturi, kwa miti na majani. Kwanza Wayao walikuwa wakipeleka unga penye mti wa msolo, kuwaomba wazee waliokufa wawalinde watoto. Mahali pa tambiko hilo ziliwekwa sala kwa Mungu na sadaka ya Misa, na wafu wakakumbukwa katika sala, wala hawakusahauliwa. Jambo hili liliwatuliza wazee wengi, maana hofu yao kubwa ilikuwa kwamba Kikristo ni kuwatupa waliolala. Msalaba ulisimamishwa mbele ya wari. Tohara ilifanywa kwa kisu safi na mtu aliyefundishwa kazi ya dawa, na vidonda vilifungwa kwa vitambaa safi. Mama aliyewahi kumtoa mwanawe kumbini akiwa maiti hakuhitaji hotuba ndefu juu ya faida ya jambo hili.

Majuma yale ya kukaa kumbini yalibaki. Wari walifundishwa heshima kwa wakubwa, kazi, uvumilivu, na mambo ya mwili na ndoa kwa maneno yasiyo matusi; na pamoja na hayo sala, toba na Komunio. Padre aliwajia, akakaa nao, akala nao. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, palipokuwa na faida kuliko zote, maana katika maisha ya kawaida kijana na padre wake huonana Jumapili tu, mmoja akiwa madhabahuni na mwingine nyuma ya nguzo. Siku ya kutoka, kumbi lilitiwa moto, wari wasitazame nyuma. Wakaongozwa mpaka kanisani kwa shukrani, na akina mama wakapiga vigelegele nje.

Si wote waliokubali. Wapo wazee waliosema jando pasipo msolo ni jando la kitoto, lisilo na nguvu. Wapo Wakristo waliosema kinyume, kwamba ushenzi umefunguliwa mlango wa sakristia. Tena tangu kale idhini ya kuchezesha unyago ilikuwa ya mkuu wa nchi, nayo ilikuwa heshima yake na pato lake. Sasa padre alikuwa kama amekaa katika kiti kile. Palikuwa na manung'uniko, na sidhani yote yalikuwa ya ubaya. Lakini vijana walikuja, mwaka kwa mwaka, na wazazi hawakulazimika tena kuwaficha.

Haya ni ya wavulana. Habari ya wasichana ni nyingine, na katika mwaka wa jubilei haifai kuificha.

Kumbi la wasichana lina wenyewe, nao ni wanawake. Padre hawezi kuingia, wala Askofu. Wanawake wa misheni kutoka Uingereza walikuwa hawakuolewa, kwa kuwa ndiyo kanuni ya chama chao. Sasa makungwi wangewafunulia vipi mambo ya ndoa na uzazi watu ambao kwa mila ni kama wari wenyewe? Majaribio yalifanywa, wanawake Wakristo wakaulizwa, mengine yakakatazwa na mengine yakaruhusiwa, lakini kazi haikufika pale ilipofika ya wavulana. Sababu moja ni siri. Sababu nyingine, nami naiona kubwa zaidi, ni kwamba kwa upande wa wavulana Kanisa lilikuwa na mapadre na walimu wa nchi hii, waliopita jandoni wenyewe, wenye amri na elimu. Kwa upande wa wasichana halikuwapa wanawake wa nchi hii amri kama hiyo. Kungwi Mkristo alikuwako, naye alijua mema na mabaya ya kumbi lake kuliko mtu yeyote, lakini hakuwa na kiti katika baraza la mapadre, wala hakuna aliyeandika kumbukumbu zake.

Askofu Lucas aliacha kazi mwaka wa 1944. Tangu siku zile mengi yamegeuka. Wazazi wengi sasa humpeleka mvulana hospitali, naye hurudi nyumbani siku ileile. Jeraha hupona vizuri, lakini majuma ya kukaa na wakubwa hayako tena, na darasa la Kipaimara la saa moja kwa juma haliwezi kubeba mzigo wote uliobebwa na kumbi. Wasichana nao huchezwa wakiwa wadogo kuliko zamani, wengine kabla ya kumaliza shule ya msingi. Mavuno yakiisha ngoma husikika vijijini usiku kucha, na asubuhi mwalimu huita majina darasani, akasikia kimya mahali pa binti aliyekuwapo jana.