Mbegu ya Wawili

Miaka yote niliyosimama mbele ya ubao niliwaambia wanafunzi wangu kwamba historia si orodha ya wafalme na vita tu. Historia ni pia habari za watu waliochelewa kujua jambo, na hasara iliyowapata kwa kuchelewa huko. Kisa cha leo ni cha namna hiyo, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Mdogo wangu na mkewe walizika watoto wawili wa kiume, mmoja mwaka 1979, wa pili mwaka 1982. Wote walizaliwa wazima, wakanyonya vizuri, kisha kabla ya arobaini wakaanza kutapika na kunyauka. Katika kikao cha ukoo baada ya msiba wa pili niliulizwa neno langu, kwa kuwa nilikuwa kaka mkubwa, tena mwalimu. Nilisema ugonjwa huu haukuwa kwetu, umeletwa na mwanamke. Shemeji yangu alikuwa chumba cha pili, akasikia.

Mwaka 1985 walipata mtoto mwingine, na mkunga akashindwa kusema ni wa kike au wa kiume. Mashaka hayo ndiyo yaliyomwokoa, kwani alipelekwa mapema hospitali kubwa. Daktari alitueleza kuwa ni msichana. Tezi mbili zilizo juu ya figo zake zilishindwa kutengeneza homoni ya kotisoli na ile inayohifadhi chumvi mwilini. Badala yake zilitoa homoni za kiume kwa wingi. Mtoto wa kiume mwenye ugonjwa huo kwa kawaida haonyeshi dalili ya nje anapozaliwa, hivyo huweza kufa bila kutambuliwa. Akaongeza kwamba mbegu ya ugonjwa hutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili.

Niliinamisha kichwa. Habari za mbaazi za Mendel nilizisoma chuo cha ualimu na kuzifundisha mara nyingi. Siku ya kikao sikuzikumbuka.

Mendel alisoma matokeo yake mjini Brno mwaka 1865. Mwaka huohuo, huko Napoli, daktari Luigi De Crecchio alieleza maiti ya mtu aliyeishi kama mwanamume, kumbe ndani alikuwa na mji wa mimba, na tezi zile zimekua kupita kiasi. Tiba ilisubiri hadi mwaka 1950, Lawson Wilkins wa Baltimore alipoonyesha kuwa kotisoni huzituliza tezi hizo.

Kisha waganga wakataka kumfikia mtoto angali tumboni. Mwaka 1965 Waingereza waliutambua ugonjwa kwa kupima maji ya mimba. Mwaka 1984 Michel David na Maguelone Forest wa Lyon, Ufaransa, waliripoti kumtibu mtoto kwa kumpa mama dawa. Dawa iliyokuja kutumika ni deksamethasoni, ambayo hupenya kondo la nyuma. Shabaha ilikuwa kuzuia maumbile ya msichana yasielekee uanaume, na ilibidi ianze kabla ya wiki ya tisa.

Hapa nawaomba tupige hesabu. Wazazi wote wawili wakibeba mbegu, mimba moja kati ya nne huwa na ugonjwa, na nusu ya hizo ni za wasichana. Basi ni moja kati ya nane tu inayohitaji dawa. Lakini kipimo cha kondo hakikuweza kufanywa mpaka wiki ya kumi hivi, kwa hiyo saba walinyweshwa dawa bure, walau kwa muda. Ndiyo maana Sweden ilisitisha tiba hiyo mwaka 2010, watafiti wake wakihofia madhara kwa watoto, na miongozo ya wataalamu wa homoni ya mwaka 2018 bado iliiita ya majaribio. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake waligundua vinasaba vya mtoto ndani ya damu ya mama, na tangu hapo imewezekana kujua mapema kama mimba ni ya kiume, mama asipewe dawa asiyoihitaji.

Tusidanganyike, hata hivyo. Dawa ya tumboni haiponyi ugonjwa. Kinachookoa maisha ni kumtambua mtoto siku za kwanza kwa tone la damu ya kisigino, kisha vidonge kila siku, maisha yote. Wale wavulana wetu wawili walikufa vidonge hivyo vikiwapo duniani.

Binti yule sasa ni mtu mzima, mwalimu kama mimi. Mwaka aliomaliza chuo nilikwenda kwa mama yake, nikamwambia, "Shemeji, lile neno la kikao, nilikosa. Mbegu ilikuwa na kwetu pia."

Alikuwa akipepeta mchele. Hakusimamisha ungo. "Nilijua tangu siku daktari aliposema," akajibu. "Nilikuwa nakungoja wewe tu, mwalimu."

Alinisubiri miaka zaidi ya ishirini.