Kipindupindu Katika Mji wa Kilwa Kivinje

Richard Burton na John Speke walipotia nanga Kilwa mwezi Februari 1859, waliukuta mji umeelemewa na kipindupindu. Miaka kumi baadaye ugonjwa ulirudi pwani, na safari hii alikuwapo mtu wa kuuchunguza: Dk. James Christie, tabibu aliyeishi Unguja. Bakteria wake hawakuwa wamejulikana. Robert Koch aliwatambua miaka ya 1883 na 1884. Christie aliuliza watu. Kwa masimulizi ya wenye misafara na mabaharia wa majahazi aliifuata njia ya ugonjwa kutoka Makka mwaka 1865, kupitia Uhabeshi na nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha Unguja mwishoni mwa 1869, halafu Kilwa. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876.

Ugonjwa, basi, ulisafiri kwa njia za biashara, na biashara kuu ya Kilwa Kivinje ilikuwa watumwa, hadi mkataba wa 1873 ulipokataza kuwasafirisha baharini. Walifika pwani wamedhoofishwa na njaa na mwendo, wakasongamanishwa kungoja majahazi. Sisi tunaotunza daftari la ubatizo, kila mtu kwa jina lake, hatuna daftari la hao.