Kinga ya Kutukinga: Historia ya Kiti cha Baiskeli, toka Coventry mpaka Aru



Mtu wa Dar es Salaam akisikia neno "kinga" anafikiria chanjo ao chandarua. Mtu wa Aru, wa Bunia ao wa Kisangani anafikiria magurudumu mawili, keria na kengele. Leo nataka haya maneno mawili yakutane: kinga tunayopanda na kinga ya mwili. Tazama watu kwenye njia ya Ariwara ao ya mpaka wa Vurra: magoti yanapanda karibu kugusa tumbo, mgongo umekunjama, mikono imekazwa kama fimbo. Jioni mtu anapaka dawa ya maumivu, anasema ni uchovu, ao uzee umeanza. Mara nyingi si uzee. Ni kiti kimekaa fasi isiyo yake. Na kiti kukaa vibaya iko na historia ndefu, tena historia inayotuhusu.

1. Zamani mguu ndio ulichagua kinga

Miaka ya 1870 kule Ulaya, kinga ya kisasa ilikuwa ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Haikuwa na mnyororo. Pedali zilifungwa kwenye gurudumu la mbele lenyewe, kwa hiyo kadiri gurudumu lilivyokuwa kubwa, ndivyo mtu alivyokwenda mbali kwa mzunguko mmoja. Lakini hakuna anayeweza kuzungusha gurudumu linalozidi mguu wake. Mnunuzi alipimwa mguu kwa ndani, ndipo akapewa gurudumu la inchi 50, 54 ao 58. Ilikuwa kinga ya hatari, ikigonga jiwe unaruka kichwa mbele, lakini ilikuwa lazima ilingane na mwenyewe.

Mwaka 1885, katika mji wa Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa kinga yake iliyoitwa Rover: magurudumu mawili karibu sawa, na mnyororo unaovuta gurudumu la nyuma. Kinga tunazopanda leo ni watoto wake. Watu wafupi na warefu wakaweza kupanda mashine moja, sababu kiti kinapanda na kushuka juu ya nguzo yake. Ulikuwa uhuru mkubwa. Lakini ndani ya uhuru huo mlikuwa na mtego: kwa vile kila mtu anaweza kupanda kinga yoyote, watu wakaanza kuamini kwamba kinga yoyote inamfaa kila mtu.

2. Mpira ulitoka kwetu

Mwaka huohuo wa 1885, mataifa ya Ulaya yalimaliza mkutano wa Berlin na Leopold II akapata Congo kama mali yake. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, akaandikisha tairi lake la kujazwa upepo. Hapo ndipo kinga ikaacha kutikisa mifupa ya mpandaji, na dunia ikaanza kutafuta mpira kwa nguvu: kwanza wa kinga, kisha wa gari.

Wandugu, tunajua mpira mwingi ulitoka wapi, na kwa bei gani. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 ilieleza vijiji vilivyolazimishwa kuleta mpira, watu waliofungwa, mikono iliyokatwa. Ubelgiji ikachukua koloni mwaka 1908. Kwa hiyo raha ya kwanza ya mpandaji wa kinga, ule upepo ndani ya tairi, ililipwa pia na miili ya Wakongomani ambao wengi wao hawakuwahi kukalia kinga hata siku moja.

3. Saizi moja kwa watu wote

Kinga ilipofika kwetu, ilifika kama heshima. Miaka ya 1950, mwalimu, karani ao katekista mwenye kinga alikuwa mtu wa kuangaliwa. Ilikuwa alama ya "evoluwe", pamoja na cherehani na radio. Aru iko pembeni ya mpaka uliowagawa Walugbara, wengine upande wa Congo, wengine upande wa Uganda. Na Uganda ilitawaliwa na Waingereza, wenye kiwanda cha Raleigh kule Nottingham. Kisha zikaja kinga za Asia zenye umbo lilelile: Flying Pigeon na Phoenix za China, Hero ya Ludhiana, India, iliyoanza mwaka 1956. Chuma kizito, magurudumu ya inchi 28, keria ya kubeba hata mbuzi.

Ni kinga ya nguvu, hakuna ubishi. Shida ni kipimo. Umbo hilo lilitengenezwa kwa saizi mbalimbali za fremu, lakini kwenye soko la mbali unakuta saizi moja ao mbili, na kubwa ndiyo inayopendwa kwa mizigo. Fremu ya inchi 24 ni kama sentimita 61, na kile chuma chake cha juu kinasimama zaidi ya sentimita 80 toka chini. Inamfaa mtu mrefu. Mtu mfupi, mama, ao mtoto wa shule, wafanye nini? Jibu tunalijua wote: mtoto anapitisha mguu mmoja chini ya kile chuma, anaendesha akiwa amejipinda upande mmoja kama kaa. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamejifunza hivyo. Kinga haikubadilika kwa ajili ya mtoto. Ni mtoto aliyejikunja kwa ajili ya kinga.

Na juu ya nini watu wazima, hata warefu, wanashusha kiti mpaka chini? Tusikimbilie kusema ni ujinga. Mtu aliyebeba gunia la mihogo ao abiria nyuma anahitaji kugusa ardhi kwa miguu yote miwili akisimama, la sivyo mzigo unamwangusha. Kiti cha chini ni usalama wakati wa kusimama, lakini goti ndilo linalolipa wakati wa kutembea. Ndiyo maana mwenye kinga ya mzigo haumwi kwa bahati mbaya. Anaumwa sababu mashine moja inafanya kazi mbili zisizopatana.

4. Wasukuma-kinga walishajua

Lakini watu wetu si kwamba hawakufikiri. Wakati wa vita, kuanzia 1998, barabara ziliharibika na gari zikapotea. Wafanyabiashara wa mashariki ya Congo wakasukuma kinga zenye mizigo kwa mamia ya kilometa porini. Tazama walivyofanya: walifunga fimbo kwenye usukani na fimbo nyingine nyuma ya kiti, ili mtu asukume na kuongoza akiwa amesimama wima, bila kuinama juu ya mzigo. Hawakuambiwa na injinia. Mgongo ndio uliwaambia.

Wavietnamu walifanya vilevile kwa mianzi mwaka 1954, walipopeleka chakula na risasi Dien Bien Phu kupigana na Wafaransa. Kinga moja iliweza kubeba zaidi ya kilo 200. Watu wawili wasiojuana, pande mbili za dunia, wamefika kwenye jibu moja: mashine ifuate mwili. Hilo ndilo neno lote la kupima kinga.

5. Wenye pesa walipima kwa milimita

Wakati huo, kwenye mashindano, mambo yalikwenda mbali. Mbelgiji Eddy Merckx alianguka vibaya kwenye uwanja wa Blois, Ufaransa, mwaka 1969. Aliyekuwa akimwongoza kwa pikipiki akafa palepale. Merckx alibaki na maumivu ya kiuno na mgongo, na toka siku hiyo alijulikana kwa kubadilisha urefu wa kiti kila mara, hata katikati ya mashindano. Mfaransa Bernard Hinault aliacha Tour de France ya 1980 kwa ajili ya goti, akiwa anaongoza na jezi ya njano mwilini. Goti halijali wewe ni bingwa.

Sayansi nayo iliingia. Mwaka 1967, Waingereza Hamley na Thomas walitoa utafiti uliosema urefu bora wa kiti, toka pedali ikiwa chini mpaka juu ya kiti, ni asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani. Miaka ya 1980 ikajulikana hesabu nyingine, ya kocha Cyrille Guimard na Mmarekani Greg LeMond: zidisha mguu wako kwa 0.883, upate urefu toka katikati ya ekseli kubwa ya kati, ile kranki zinapozungukia, mpaka juu ya kiti. Hizo hesabu zilipatikana kwa wanamichezo, zichukue kama mwanzo, si sheria ya Musa.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Kinga zilizopimwa kwa milimita zilipanda vilima vilevile ambavyo vijana wa Rwanda wanapanda kila siku na kinga za chuma zenye ndizi na viazi. Wote wana goti la aina moja. Tofauti ni kwamba kwa mmoja kuna mtu aliyekuja na rula.

6. Kipimo cha spana moja

Sasa jambo zuri: hiyo rula haihitaji Ulaya. Iko vitu vinne.

Kwanza, urefu wa kiti. Egemea ukuta, kaa juu ya kinga, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukihamisha pedali chini ya sehemu pana ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjama kidogo. Hapo ndipo. Kiti kikiwa chini sana, maumivu huja mara nyingi mbele ya goti. Kikiwa juu sana, huja nyuma ya goti, na kiuno kinacheza huku na huku.

Pili, kiti kilale sawa, kisiinue pua. Pua ikiwa juu inabana sehemu za siri na kuleta ganzi. Ikishuka sana, unateleza mbele na mikono inabeba mwili wote.

Tatu, usukani. Kama shingo, mabega ao viganja vinakufa ganzi, pengine uko mbali ao chini. Uinue, ao sogeza kiti mbele kidogo. Lakini usivute nguzo ya kiti ao ya usukani kupita alama yake ya mwisho. Ikikatika njiani, hiyo ni ajali.

Nne, badilisha kidogo kidogo. Nusu sentimita, panda siku chache, sikiliza mwili. Na goti lililovimba ao maumivu yasiyoisha, peleka kwa dokteri, si kwa fundi.

Mwenye mzigo je? Kiti chake kitabaki chini kidogo kuliko cha mtu asiye na mzigo, sawa. Lakini akishusha mzigo sokoni, akipandisha kiti kabla ya kurudi nyumbani, ameokoa nusu ya safari ya magoti yake. Ni kazi ya dakika mbili.

Wandugu, sisi tuliosoma tunapenda kuongea maendeleo makubwa, na ni vizuri. Lakini mwalimu wa kijijini Aru na mama muuza mchele wanafika kazini kwa magoti yao. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kupima miguu ya darasa zima kwa kitabu na rula: simama ukutani bila viatu, bana kitabu kati ya mapaja, pima toka chini mpaka juu ya kitabu. Mguu wa sentimita 78 unadai kiti cha kama sentimita 85 toka pedali. Hiyo ni hesabu ya darasa la sita, na fundi wa chini ya mwembe atamaliza iliyobaki kwa spana moja.

Tena ulizeni wazee kwenu: kinga ya kwanza ilifika kijijini mwaka gani, ilikuwa ya nani, na aliipanda namna gani? Andikeni majibu. Hiyo historia bado iko vichwani mwa watu, na iko magotini mwao pia.