Jinsi Waingereza walivyoacha kupatana bei

Yapata mwaka 1599, William Shakespeare alipoandika tamthilia ya Henry V, alitumia kitenzi "haggle" kueleza mwili wa Duke wa York uliokatwakatwa katika vita vya Agincourt. Hapakuwa na duka wala mteja katika habari hiyo. Wakati ule neno hilo lilimaanisha kukata ovyo, kama anayecharanga nyama kwa kisu butu. Asili yake ni lugha ya kale ya Waviking, walioivamia Uingereza katika karne ya 9 na wengi wao wakalowea kaskazini na mashariki mwa nchi. Kwao, "höggva" ilikuwa kukata kwa shoka au upanga.

Karne ya 17 ilipoanza, Waingereza walikuwa wameshalihamishia neno hilo sokoni. Mnunuzi anakata kidogo, muuzaji anakinga, mnunuzi anakata tena, mpaka mmoja achoke.

Leo ukiingia duka la nguo London ukaomba upunguziwe bei ya shati, utatazamwa kwa mshangao. Wapo wenzetu wanaorudi kutoka huko wakaliona soko letu la Kariakoo kuwa ni ushamba mtupu. "Kanga hii bei gani?" "Elfu kumi na tano, dada, maongezi yapo." "Chukua nane." "Nane haitoki, mtaji haurudi. Ongeza kidogo." Wanasahau, au hawakuambiwa, kwamba mazungumzo ya namna hii ndiyo yaliyoendesha maduka ya Uingereza kwa karne nyingi. Bei moja kwa wote haikuwa desturi ya Wazungu tangu zamani. Ililetwa na watu wanaojulikana, kwa sababu zinazojulikana, na mwanzoni wengine walipata hasara kwa ajili yake.

Wachuuzi wa Uingereza waliozunguka vijijini na kuku, mayai na siagi waliitwa "higgler", neno la ukoo huohuo. Jina hilo lilivuka bahari hadi Jamaica. Huko watumwa walilima vishamba vyao wenyewe na kuuza mazao katika masoko ya Jumapili, na wanawake ndio walioishika biashara hiyo. Mama wa sokoni Jamaica anaitwa higgler mpaka leo. Hata Adam Smith, Mskoti anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya uchumi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1776 kwamba hakuna kipimo kamili cha thamani ya kazi ya mtu. Kinacholeta mizani, alisema, ni kule kuvutana na kupatana kwa watu sokoni.

Waliovunja desturi hiyo Uingereza walikuwa watu wa dini. George Fox, aliyezaliwa mwaka 1624, alifundishwa kazi ujanani kwa fundi viatu aliyefanya pia biashara ya sufu na mifugo, na alisifika kwa kutogeuza neno lake. Baadaye akaanzisha Jumuiya ya Marafiki, ambao dunia inawaita Waquaker. Walishika sana agizo la Injili ya Mathayo kwamba ndiyo yako iwe ndiyo, na siyo yako iwe siyo. Wakalipeleka agizo hilo dukani. Ukitaja shilingi 10 huku moyoni uko tayari kupokea 6, umesema uongo. Basi wakataja bei moja, ile watakayoipokea, na wasiipunguze.

Fox mwenyewe amesimulia yaliyofuata. Watu waliwakimbia, maana Waquaker walikuwa hawavui kofia mbele ya wakubwa wala hawana maneno ya kubembeleza, na wengine biashara zao zilikaribia kufa. Kisha wateja wakagundua jambo moja: ukimtuma mtoto kwenye duka la Mquaker, atauziwa kwa bei ileile ambayo ungeuziwa wewe mwenyewe. Wateja wakarudi, na wakaongezeka.

Kwangu mimi hapo ndipo kiini cha historia hii kilipo. Kupatana bei kuna utamu wake, kunajenga urafiki na kunampa mwenye kipato kidogo nafasi ya kujieleza. Lakini kunampendelea mwenye ulimi. Mtoto, mgeni, mwenye haya na mgonjwa aliyekuja mbio kutafuta kitu ndio wanaolipia ujuzi wa wengine. Marafiki wale waliliona hilo mapema. 

Hawakuwa peke yao. Mwaka 1673 Mitsui Takatoshi alifungua duka la vitambaa, Echigoya, katika mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo. Desturi ilikuwa mfanyabiashara apeleke kitambaa nyumbani kwa tajiri, wavutane bei, kisha angoje kulipwa kwa miezi. Mitsui aliuza dukani, kwa fedha taslimu, kwa bei isiyopungua, na alikubali kukata hata kipande kidogo. Wenzake wa biashara walimchukia kwa hilo.

Katika nchi za Magharibi, kilichoimaliza kazi ni ukubwa wa maduka. Mwenye duka dogo aliweza kupatana bei kwa sababu alikumbuka bei aliyonunulia. Vijana wake wa kazi aliwapa siri ya herufi. Huchaguliwa neno lenye herufi 10 zisizojirudia, tuseme CUMBERLAND, ambapo C ni 1, U ni 2, M ni 3, hadi D ambayo ni sifuri. Kitambaa kikiandikwa ME, kijana anajua kimenunuliwa kwa 35 na asishuke hapo, huku mteja akitazama herufi bila kuambulia chochote. Sasa fikiria duka la ghorofa kadhaa lenye wahudumu wengi wa mshahara mdogo, kila mmoja akivutana na mteja wake kwa nusu saa.

Alexander Stewart, mhamiaji kutoka Ireland aliyeanza na kiduka New York mwaka 1823, aliuza kwa bei moja, na mwaka 1846 akahamia jumba la marumaru ambalo bado limesimama Broadway. Jijini Paris, Aristide Boucicaut alifanya vivyo hivyo katika duka la Bon Marché kuanzia mwaka 1852. John Wanamaker, Mkristo mcha Mungu wa Philadelphia, aligeuza bohari ya zamani ya reli kuwa duka mwaka 1876, na mara nyingi ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa lebo ya bei. Nyumba na magari vimebaki nje ya utaratibu huo, na huko Magharibi bado vinapatanwa bei.

Enyi wauzaji wetu, endeleeni na maongezi, msione haya. Ila mtoto aliyetumwa dukani mpeni bei ileile ambayo mngempa mama yake.