Nyumba za Makuti Hazina Kibao

Muulize mzee yeyote wa Shela, hapa Malindi, asili yake ni wapi. Atakutajia Hadhramaut, Siyu, Pate, Lamu, au visiwa vya Wabajuni. Nauliza swali hili tangu nilipostaafu ualimu, na majibu ni hayo kwa hayo. Hakuna anayesema Nyasa. Ilhali mtama ulioutajirisha mji huu katika karne ya 19 ulilimwa na maelfu ya watu walioletwa kwa nguvu kutoka Nyasa, Uyao na Umakua. Watu hao hawakuyeyuka. Wajukuu na vitukuu wao wako papa hapa. Mimi ni mmoja wao, na habari za mtaa huu nazikusanya kwa ajili yao kwanza.

Malindi tunayoishi ni mji uliozaliwa mara ya pili. Ule wa kwanza ndio uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498, ukaanza kufifia Wareno walipojenga Ngome ya Yesu kule Mombasa kuanzia 1593 na mfalme wetu akahamia huko. Mwitu ukaumeza. Mwaka 1861 Sayyid Majid wa Unguja aliamua kuufufua, akaleta askari, na nyuma ya askari wakaja wenye mashamba na watumwa wao. Mtama na ufuta ukawa unapakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni. Kando ya Msikiti wa Juma'a, yalipo yale makaburi ya mnara wanayopiga picha watalii, husimuliwa kuwa watu walinadiwa kila wiki hadi mkataba wa 1873 ulipofunga masoko ya watumwa. Wako waliokataa. Walitoroka mashamba wakajenga vijiji vyao bara, kama Makongeni upande wa mto Sabaki, na jina la mtoro likawa linawanyima usingizi wenye mashamba.

Haya yamo vitabuni. Yasiyomo ndiyo ninayoyatafuta, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu.

Bibi mmoja wa rika la mama yangu amenifungulia mlango wake mara nyingi. Hukaa mkekani akisuka ukili, na huku vidole vinakwenda hunihesabia nyumba za mtaa kuanzia kisimani kushuka pwani. Nyumba ya mawe ina kisa: nani aliijenga, bwana harusi alitoka wapi, boriti zake zilishushwa kutoka jahazi la nani. Akifika kwenye nyumba za makuti, mwendo hubadilika. Hapo walikaa watu tu, asema. Siku moja nilimuuliza, watu gani, bibi? Akanyoosha ukili, akaupima kwa mkono kutoka ncha za vidole hadi kiwikoni, akaanza habari za nyumba inayofuata.

Simlaumu. Kwetu kumtajia mtu utumwa wa babu yake ni kumvua nguo hadharani, na sitara ni jambo kubwa. Isitoshe, mambo yalichanganyika. Mtoto wa suria alikuwa huru, mwana halali wa baba yake, akirithi pamoja na ndugu zake. Aliyeachwa huru alibaki na walaa, yaani kifungo cha ujamaa na nyumba ya bwana wake, akachukua jina la ukoo ule, akaitwa harusini na matangani kama jamaa. Baada ya vizazi vitatu nani atatenganisha damu hizo, na kwa faida gani? Kunyamaza kulianza kama wema, nami nauheshimu wema huo. Lakini nyuma yake kulijificha deni, nalo ni la ardhi.

Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, na mabwana wakalipwa fidia. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi alete dai lake lisikilizwe na kusajiliwa. Mwenye mashahidi, mwenye nyaraka, mwenye kujua mlango wa ofisi, alitoka na hati. Aliyeilima ardhi ile kwa jasho lake alitoka mikono mitupu, na Mgiriama aliyetambua ardhi kuwa ya ukoo mzima alitoka vivyo hivyo. Basi wengi wakajenga juu ya kiwanja cha mtu mwingine, kwa kulipa kodi. Nyumba yako, ardhi si yako. Na mara nyingi mwenye kiwanja hakukubali ujenge kwa mawe, maana nyumba ya mawe haing'oki. Ujenge kwa fito, udongo na makuti.

Hii ndiyo sababu kumbukumbu ya mtaa imefuata mawe. Nyumba ya Nguzo imekuwa makumbusho ya Malindi, ina kibao na mlinzi, nami nafurahi kuwa imetunzwa. Nyumba ya makuti huezekwa upya kila baada ya miaka michache, ukuta hukandikwa tena, na siku kiwanja kinapouzwa kwa mwenye kutaka kujenga hoteli, wenyewe huhamia Maweni au Muyeye na mahali pao pakasahaulika. Tangu hoteli za kwanza za miaka ya 1930, viwanja vya karibu na bahari havijapoa bei.

Ila nyumba za makuti ziliacha kitu kimoja ambacho nyumba za mawe hazina, nacho ni risiti. Mpangaji wa kiwanja aliogopa kufukuzwa, kwa hiyo alitunza kila kipande cha karatasi. Nimeonyeshwa bunda zima ndani ya kopo la biskuti, limefungwa kwa uzi wa kushonea kofia. Karatasi zimekuwa za rangi ya chai. Jina la mlipaji linabadilika kutoka babu kwenda mwana, kisha kwenda kwa mjane, na juu kabisa, kwenye zile kongwe, limeandikwa jina moja tupu lisilo la baba wala la ukoo, la aina waliyopewa watumwa. Mwenye kopo ni mzee mvuvi. Nilimsomea jina hilo kwa sauti ya chini nikidhani atanikataza. Alinitaka nirudie, kisha akaniambia niliandike daftarini vile vile lilivyo, bila kuliongezea ukoo wa mtu. Tena niandike kwamba mwenye jina hilo alikuwa fundi wa kuezeka. Akaanza kunitajia nyumba alizoziezeka, moja baada ya moja, kutoka kisimani kushuka pwani, na nyingi kati ya hizo ni zile zile za watu tu.