Mkono wa Mkamuaji: Historia Fupi ya Mguso Mpole kwa Wanyama

Ukipanda gari Lupingu, pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ukapandisha milima kwenda Ludewa na kuendelea hadi Njombe, joto la ziwa linakuacha njiani. Huku juu ni baridi na majani yapo. Ndiyo maana ukifika Njombe, na hata ukisogea hadi Makambako, utakuta kaya nyingi zina ng'ombe wa maziwa bandani, mmoja au wawili, wanaokatiwa majani kila siku. Kwa kaya ya namna hiyo, lita mbili zikipungua kwenye ndoo asubuhi, pengo linaonekana kwenye ada ya shule.

Sasa, msomaji, hebu jiulize: lita zikipungua, tunamlaumu nani? Mara nyingi ng'ombe. Tunasema "amebana maziwa", kama vile amefanya ukaidi. Anapigwa fimbo, anafungwa miguu, anafokewa. Historia ya sayansi inaonyesha kwamba fimbo hiyo ndiyo inayombana zaidi.

Tuanze na walichojua wazee. Wafugaji wa Afrika Mashariki waliokuwa na ng'ombe wa asili, wale wenye nundu, walijua kwamba ng'ombe hakamuliwi hivihivi. Kwanza ndama ananyonya kidogo, halafu anasogezwa pembeni mama akiendelea kumwona. Mkamuaji anamwita ng'ombe kwa jina, pengine anamwimbia, anampapasa kiwele. Mtu asiyeelewa angesema hizo ni mila tu. Kumbe ilikuwa fiziolojia.

Kwa ng'ombe wa maziwa, takriban asilimia 20 tu ya maziwa huwa yamekwisha kushuka sehemu ya chini ya kiwele, tayari kutoka. Asilimia 80 hivi yamo ndani ya vifuko vidogo sana, na hayashuki kwa kuvuta chuchu peke yake. Lazima vifuko vikamuliwe kutoka ndani, na kazi hiyo inafanywa na mwili wa ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe wetu wa asili hali yao ni ngumu zaidi, kwa sababu akiba yao ya chini ni ndogo mno. Mbuzi ana nafuu, sehemu kubwa ya maziwa yake huwa imeshashuka.

Mwaka 1910 watafiti wawili wa Marekani, Ott na Scott, walionyesha kwamba kiini cha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kinasababisha maziwa kutoka. Lakini inafikaje kutoka kichwani hadi kwenye kiwele? Mwaka 1941 Fordyce Ely na W. E. Petersen, nao wa Marekani, wakalijibu swali hilo. Walikata neva za nusu moja ya kiwele, nusu nyingine wakaiacha. Ng'ombe alipoandaliwa kukamuliwa, maziwa yalishuka pande zote mbili. Maana yake ni kwamba ujumbe wa mwisho haupiti kwenye neva, unapita kwenye damu.

Halafu wakafanya jaribio ambalo leo linachekesha kidogo. Walimweka paka mgongoni mwa ng'ombe, wakawa wanapasua mifuko ya karatasi karibu naye ili ashtuke. Maziwa yakagoma. Walipomchoma ng'ombe sindano ya adrenalini, homoni ya hofu, yakagoma vilevile.

Basi picha ikawa wazi. Mkono unapogusa chuchu kwa upole, neva zinapeleka taarifa kwenye ubongo. Tezi ya pituitari inamwaga homoni iitwayo oksitosini kwenye damu. Baada ya dakika moja hivi inafika kwenye kiwele, vifuko vinabanwa, maziwa yanashuka. Oksitosini hiyo haidumu, inaisha ndani ya dakika chache, kwa hiyo mkamuaji asiwe na safari za hapa na pale. Ng'ombe akiogopa, njia nzima inavurugika. Yaani yule anayeitwa mkaidi hana uamuzi wowote hapo, mwili wake ndio umefunga.

Je, ng'ombe anamkumbuka mtu aliyempiga? Mwaka 1999 Jeffrey Rushen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu swali hilo. Ng'ombe walihudumiwa na watu wawili, mmoja mpole, mwingine mkali. Ng'ombe walijifunza kuwatofautisha. Wakati wa kukamua, yule mkali aliposimama tu karibu bila kugusa kitu, maziwa yaliyobaki ndani ya kiwele yaliongezeka kwa asilimia 70. Fikiria hapo: fimbo ya jana inakula maziwa ya leo.

Na mguso wenyewe una sayansi yake. Mwaka 1939 Yngve Zotterman wa Sweden, akichunguza paka, alieleza nyuzi nyembamba za neva kwenye ngozi zinazoitikia mpapaso mwepesi. Baadaye ilionekana kwamba nyuzi za aina hiyo kwa binadamu zinapenda zaidi mkono unaokwenda sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, mwendo ambao mama humpapasa mtoto bila kufundishwa. Watafiti wa Vienna, Austria, waliripoti mwaka 2008 kwamba ng'ombe akipapaswa chini ya shingo, mahali ambapo ng'ombe hulambana wenyewe, ananyoosha shingo na kulegeza masikio.

Hapa ndipo anapoingia Linda Tellington-Jones, mwalimu wa farasi aliyezaliwa Kanada mwaka 1937. Mwaka 1975 alianza kusoma kwa Moshe Feldenkrais, mwanafizikia na mcheza judo aliyebuni mazoezi ya miondoko ya taratibu kwa watu baada ya goti lake kuumia. Linda akayahamishia kwa wanyama: kuzungusha ngozi kwa vidole duara moja na robo, bila kukandamiza, na kumtembeza mnyama polepole kupita vizuizi vidogo. Njia yake imesambaa kwa wenye farasi na mbwa. Tuwe wakweli, ushahidi wa maabara kuhusu duara lile hasa bado ni mdogo. Lakini msingi wake, kwamba mguso wa polepole unatuliza na hofu inaharibu, umepimwa na kuonekana.

Mfano wa karibu zaidi upo Morogoro. Shirika la APOPO, lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya wakiwa bado wadogo, kabla ya somo lolote la harufu, wahudumu wanawashika, wanawabeba, wanawazoeza sauti na mikono ya watu. Ndipo mafunzo yanaanza, kwa chakula kila wanapopatia. Ona mpangilio huo: mguso haumfundishi panya kunusa bomu, chakula ndicho kinachomfundisha. Mguso unaondoa hofu ili somo lipate pa kuingilia. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, panya wa kwanza kuipata.

Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Ila bandani saa 11 alfajiri hakuna askari. Kuna wewe na ng'ombe. Na maziwa yanayobaki kwenye kiwele kila siku yana hasara ya pili: uzalishaji unashuka taratibu, na ugonjwa wa kiwele unapata nafasi.

Kama nyumbani kuna ng'ombe, jaribu mwenyewe. Wiki ya kwanza andika lita za kila siku bila kubadili chochote. Wiki mbili zinazofuata, lishe ileile, saa zilezile, mkamuaji yuleyule: fimbo ibaki nje, mpapase chini ya shingo kidogo, osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, subiri dakika moja, kisha kamua bila kusimama. Endelea kuandika. Akirusha teke hata hapo, mwite mtaalamu wa mifugo amwangalie kiwele na chuchu, maana huenda anaumwa. Ukimaliza, linganisha namba zako, halafu mwonyeshe aliyekuwa anashika fimbo.